Ng'ombe Namba Sita

Jumamosi saa nne asubuhi Careen alishuka kwenye bodaboda nje ya kwao Nakwa, akapita katikati ya uwanja bila kumsalimia mtu, akaingia bandani kwa ng'ombe na begi la kompyuta likiwa mgongoni.

Mama yake, Veronica, alikuwa mlangoni anapepeta maharage. Ungo ulibaki hewani.

"We Careen! Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo mama," sauti ikatoka bandani.

"Marahaba. Siku hizi huko Arusha mnaanza kusalimia ng'ombe?"

Careen alikuwa amemshika ng'ombe wao Kipara upande wa kulia, mbele kidogo ya bega, anapapasa manyoya kama mtu anayetafuta chawa. Kipara alikuwa na adabu kuliko watu wengi wa mtaa ule, akasimama tu anacheua. Vidole vya Careen vikafika mahali pasipo na manyoya. Ngozi ya hapo ilikuwa ngumu, inang'aa, duara la ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai.

"Baba!"

Mzee Damiani alitokea nyuma ya nyumba na jembe begani. Ana miaka sitini na moja, mwenyekiti wa jumuiya, mtu ambaye akikohoa kwenye kikao watu wananyamaza. Siku hiyo alikuwa amevaa fulana ya mradi wa mwanaye, ile ya njano, imeandikwa kifuani: TIBU NDIGANA MAPEMA, USICHOME MIFUGO.

"Baba, hiki ni nini?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wapi? Hapo? Hiyo ni pembe. Dume la jirani Rehani lilimpiga."

"Kipara hatoki bandani, baba. Analetewa majani hapa hapa. Hilo dume lilibisha hodi?"

Mzee akaangalia jembe lake, akaangalia bega la ng'ombe. "Basi alijigonga kwenye nguzo," akasema, akaenda kunawa.

*

Chai ilinywewa kwa kununa. Careen alifungua kompyuta mezani, kati ya chupa ya chai na sahani ya viazi vitamu, akaigeuza wote waone. Kulikuwa na safu sita, moja kwa kila ng'ombe. Tano zina vidoto vyekundu vingi. Ya sita, ya Kipara, ilikuwa na kijivu kitupu, juu mpaka chini.

"Nieleze mimi," Veronica akasema. "Baba yako huwa anatikisa kichwa tu kama anaelewa."

"Mama, unawakumbuka wale watu wa barabara waliopita wanapaka X nyekundu kwenye nyumba?"

"Nitawasahau? Choo changu si walikipiga X."

"Sasa, kidudu cha ndigana kali, ile homa ya kupe, kikiingia kwenye chembe za damu za ng'ombe, na chenyewe kina mtu wake wa rangi. Kinaitwa kimeng'enya. Kazi yake anapita anabandika alama kwenye protini za ng'ombe. Protini ikibandikwa inaacha kazi yake, inafanya ile kinayoitaka kidudu. Ndiyo maana tezi zinavimba, chembe zinazaliana kama zimerogwa. Protini ziko maelfu. Mimi natafuta zile alizozipaka yeye."

"Si uangalie?"

"Hazionekani kwa macho. Tunavuta maji ya tezi kwa sindano, tunayagawa kwenye vichupa viwili. Kichupa kimoja tunaweka dawa inayomfunga mikono mtu wa rangi. Kingine tunamwacha aendelee. Saa moja, tunagandisha, tunapeleka kwenye mashine. Mashine inapima uzito wa kila kipande cha protini, na chenye alama kina uzito zaidi. Kama alama ipo kwenye kichupa cha pili, halafu kwenye kile cha dawa imepungua, basi hiyo nyumba ilikuwa kwenye orodha yake."

"Ahaa." Veronica alielewa, na alishangaa kwamba ameelewa. Miaka minne alikuwa anawaambia watu kanisani kwamba mwanaye anasomea kupe.

"Ng'ombe watano wametoa majina kumi na manne, yale yale. Kipara, vichupa vyote viwili sawa. Hata tofauti moja hakuna."

"Kipara ni ng'ombe mgumu," mzee akasema.

"Au chembe zake zilikuwa zimeshakufa kabla ya sindano. Zimeiva, baba. Yai ukishalichemsha, umfunge mtu mikono usimfunge, mle ndani hakuna kinachoendelea."

Mzee akavuta chai kwa kelele.

Careen akasoma ujumbe wa msimamizi wake, Profesa Eliakunda, polepole, kama mtu anayesomea watoto: Ng'ombe hatolewi kwenye hesabu kwa sababu amekataa kukubaliana na wewe. Anatolewa kwa sababu kuna kitu kilimpata. Nipe hicho kitu kwa maandishi kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Ukikosa, Kipara anabaki, kazi nzima haisimami, unaanza upya na ng'ombe wengine sita.

"Kuanza upya ni mwaka," Careen akasema. "Mfadhili anaishia Desemba. Baada ya hapo narudi hapa kupepeta maharage."

"Kupepeta maharage kuna ubaya gani?" Veronica akauliza.

"Mama, jamani!"

"Nimeuliza tu."

"Baba. Kipara alichomwa chuma?"

Mzee Damiani alijiangalia kifuani, pale kwenye maandishi, akafuta tone la chai ambalo halikuwepo. "Muulize Octavian," akasema. "Yeye ndiye aliyechukua hayo maji yako."

*

Octavian, afisa mifugo, alifika saa sita na pikipiki, gamboti miguuni. Hakutaka kukaa.

"Nina ng'ombe wa kupandisha mbegu kule Bonga," akasema kabla hajaulizwa. "Joto halimsubiri mtu."

"Dakika tano," Careen akasema. Akatoa fomu. "Hii ni saini yako? Ijumaa ile, miezi minane iliyopita, saa tatu asubuhi. Mnyama hajapata tiba ya aina yoyote. Umeweka tiki."

"Ni yangu."

"Ulichoma sindano bega gani?"

"La kulia. Ndiko tezi ilikuwa kubwa."

"Uliona kidonda?"

"Niliona samadi."

"Samadi begani?"

"Dada Careen, ng'ombe ana samadi. Hiyo siyo habari."

"Si ulitakiwa unyoe, usafishe na spiriti?"

"Nilisafisha."

"Ulisafisha samadi, halafu chini yake ukaona nini?"

Octavian akamwangalia mzee Damiani. Mzee alikuwa anaangalia mlima Kwaraa kama leo ndiyo mara ya kwanza kuuona. Octavian alikuwa muumini wa jumuiya ile ile. Mtoto wake wa pili alikuwa anasubiri kubatizwa, na barua ya utambulisho inaandikwa na mwenyekiti.

"Nilisafisha kidogo," akasema. "Palipotosha kuingiza sindano."

"Kwa hiyo hukuangalia."

"Niliangalia tezi. Nilitumwa tezi. Nikachukua maji, nikampiga na dawa, ng'ombe akapona, yule pale anakula. Mimi kosa langu liko wapi?"

"Kosa lako ni tiki!"

"Tiki niliulizia. Nilimuuliza mzee, amepewa chochote? Akasema hapana. Sasa mimi nimwambie mwenyekiti wangu anadanganya?"

Wote wakamgeukia mzee. Kuku mmoja akapita katikati yao, akadonoa kitu, akaondoka. Mzee Damiani akashusha pumzi ndefu.

"Nilimchoma," akasema.

Veronica akaendelea na maharage yake kama hajasikia. Alijua miezi minane yote.

"Nilimchoma jioni," mzee akaongeza haraka. "Octavian ameshaondoka zamani."

"Umeona?" Octavian akasema, na kabla Careen hajafunga mdomo, pikipiki ilikuwa imeshawaka.

*

Jioni. Careen aliandika neno hilo kwenye daftari akaliangalia. Kama kweli alichomwa jioni, basi maji yalichukuliwa asubuhi yakiwa mazima, na Kipara anabaki kwenye kazi. Kovu lile halisaidii kitu. Kovu halisemi saa.

"Baba, hebu fikiri vizuri. Saa tatu Octavian amempiga sindano ya dawa. Amekwambia ng'ombe atapona. Halafu jioni wewe unapasha chuma cha nini?"

"Kuongezea."

"Kuongezea nini?"

"Dawa ya duka na dawa ya kwetu. Kwani vinagombana?"

"Na samadi ya asubuhi?"

"Alilalia."

"Alilalia bega la mbele, juu?"

"Ng'ombe mgonjwa analala anavyoweza."

Saa saba ikapita hivyo. Saa nane ikapita hivyo. Careen aliuliza kwa upole, akauliza kwa ukali, akauliza akiwa amekaa na akiwa amesimama. Kila akiuliza alikuwa anaanza na neno lile lile: si ilikuwa asubuhi, baba? Haikuwa asubuhi, kabla ya saa tatu? Hebu kumbuka, asubuhi hivi? Mara ya saba mzee akapiga meza mpaka kikombe kikaruka.

"Unataka asubuhi? Haya, asubuhi! Andika. Asubuhi, saa unayotaka wewe. Lete kalamu niweke saini nikapalilie nyanya zangu."

Careen akachukua kalamu. Akaandika A. Halafu mkono ukagoma.

"Andika basi."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Kwa sababu nimekulazimisha. Umesema ili ninyamaze."

"Sasa wewe mtoto unataka nini?" Mzee alisimama, sauti ikatoka mpaka barabarani. "Nikisema jioni, mwongo. Nikisema asubuhi, mwongo. Niseme alichomwa lini, Pasaka?"

"Sema ukweli!"

"Ukweli nimekupa miwili, chagua!"

"ILIKUWA ASUBUHI!"

Sauti hiyo haikutoka ndani. Ilitoka ng'ambo ya seng'enge, kwa jirani. Bernadina, mama Vicent, alikuwa amesimama kwake na mwiko wa kukaangia mkononi, na alivyosimama ilionekana hakufika pale sasa hivi.

"Asubuhi, kumi na mbili na nusu," akasema. "Na mimi nimenyamaza miezi minane, leo sinyamazi."

*

Mama Vicent anapika maandazi. Ukimuuliza mtu Nakwa kuhusu yeye, atakwambia maandazi kabla hajakwambia jina. Ijumaa ile, alieleza akiwa hajatoka kwake, shule ya msingi walikuwa na mahafali ya darasa la saba, wakamwagiza maandazi mia mbili, yafike saa mbili kamili, ya moto. Alikuwa ameamka saa tisa usiku kukanda unga.

"Nimeweka karai, mafuta yamepata, nimeingiza ya kwanza. Nikaingia ndani kuchukua sinia. Natoka, namkuta baba yako na sepetu, amebeba makaa yangu yote. Yote! Namwita, baba Careen, baba Careen, anatembea tu. Anasema nitakurudishia, nina mgonjwa. Nikajua ni mama Careen anakufa."

"Mimi nilikuwa mzima," Veronica akasema.

"Si ndiyo nakwambia. Mafuta yakapoa, maandazi yakanywa mafuta mpaka yakawa kama sponji ya kuoshea vyombo. Kuja kuwasha upya, saa moja na nusu. Nawapelekea, mwalimu ananirudishia mbele ya wazazi. Mbele ya wageni rasmi! Ameshika andazi langu analikamua hivi, mafuta yanachuruzika. Na wakati nayabeba narudi nayo kichwani, huyu Octavian ndiyo kwanza anaingia hapo kwenu na pikipiki."

Careen aliangalia fomu. Ijumaa, saa tatu. Tarehe ipo.

"Una uhakika ni siku hiyo hiyo, mama Vicent?"

"Mwanangu, nimevuliwa nguo mbele ya darasa la saba. Siku hiyo nitaisahau? Nenda shuleni kawaulize mahafali yalikuwa lini."

Careen akafungua ukurasa mpya wa daftari. "Utaniandikia? Mistari miwili tu, na jina lako na saini."

"Naandika." Mama Vicent akamwelekezea mzee Damiani ule mwiko. "Akija kuniomba msamaha."

Ndiyo hapo mama yake akamnong'oneza Careen kitu ambacho hakukijua: miezi minane jumuiya nzima imekaa inaangalia mama Vicent anavyompa kila mtu mkono wa amani na kumruka mwenyekiti. Mwenyekiti naye alikuwa anawaambia watu yule mama ana matatizo ya mgongo, hawezi kunyoosha mkono mbali.

Mzee aliinama kwenye seng'enge. "Mama Vicent, basi yaishe. Nisamehe."

"Siyo hapo. Uje huku. Njia unaijua, ndiyo uliyopitia na sepetu."

Akazunguka. Ilibidi atoke getini, apite barabarani, ambako wanawake wawili wa kwaya walikuwa wanatoka mazoezini, awasalimie, aingie geti la pili. Akasimama mbele ya jiko. Careen na mama yake walimwona mgongo tu, na fulana ya njano iliyobana mabegani.

"Nisamehe kwa yale makaa."

"Na maandazi."

"Na maandazi."

"Mia mbili."

"Mia mbili," mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Haya. Amani." Akampa mkono. Kisha akafuta unga, akaomba kalamu, akaandika polepole jina lake lote, mpaka la ubatizo na la babu.

*

Simu ilipigwa pale pale, spika ikiwa wazi. Profesa Eliakunda alisikiliza bila kukatiza, hata mzee alipokiri mwenyewe kwamba alimchoma asubuhi ile. Aliuliza tarehe mara mbili. Aliomba picha ya maandishi, na picha ya kovu, na uthibitisho wa tarehe kutoka kwa mwalimu mkuu wa shule.

"Vizuri," akasema. "Mtoe. Andika sababu: jeraha la moto juu ya tezi, muda wa saa mbili na nusu kabla ya sampuli. Una watano. Watano ndiyo kiwango cha chini, Careen. Kikipungua hapo, sina namna ya kukusaidia."

"Asante sana Profesa."

Alikata simu akamrukia mama yake. Veronica akamshika huku anacheka. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, amevua ile fulana, ameiweka magotini, kabaki na singlendi.

"Baba, kwa nini hukuniambia tu?"

"Nikwambie wapi?" Hakuwa amekasirika tena, alikuwa amechoka. "Ulisimama pale ofisi ya kata siku ya semina, mbele ya watu mia. Ukasema anayechoma ng'ombe kwa chuma ni mtu wa zamani. Mimi nimekaa kiti cha mbele. Halafu ukaninyooshea mkono, ukasema, hata baba yangu ameacha. Watu wakanipigia makofi. Hukuniuliza kama nimeacha."

Careen aliangalia maandishi ya fulana ile magotini.

"Alfajiri ile Kipara anahema kama mtu anayezama. Octavian anasema saa tatu. Baba yangu angechoma. Babu yangu angechoma. Mimi nikae nimwangalie?" Akaikunja fulana mara mbili. "Na wale watano, uliwauliza?"

"Wale hawana tatizo. Matokeo yao mazuri."

"Matokeo mazuri, kwa hiyo hujauliza. Mimi wangu amekataa, kwa hiyo nahojiwa tangu asubuhi kama mwizi wa kuku."

"Wangechomwa ingeonekana, baba. Kama kwa Kipara."

"Kwani kuna kuchoma tu? Kuna wanaonywesha magadi. Kuna wanaokwenda dukani kwa Luqmani kuchukua sindano ya dawa na kumpiga ng'ombe kabla hamjafika, wakiogopa atakufa akisubiri vichupa vyenu. Na wote wamesema hapana, hajapewa kitu. Na wote wana fulana."

Veronica aliona uso wa mwanaye unabadilika, akaingilia kati haraka. "Damiani, nyamaza. Careen, umeshapata ulichokifuata. Tuma hayo makaratasi, ulale, kesho misa, Jumatatu urudi Arusha. Nani kakutuma kuchokonoa?"

Na Careen alitaka kumsikiliza mama yake. Alitaka sana. Majina kumi na manne yalikuwa kwenye kompyuta, mazuri, mekundu, miaka minne ya kulala na kuamka nayo. Sindano ya dukani isingeua chembe kama chuma. Ingezisogeza kidogo tu. Kidudu kikishapigwa dawa, mtu wake wa rangi anaanza kuyumba mwenyewe, alama zinapungua ovyo. Katika yale majina, matatu au manne yanaweza kuwa hayahusiki na kimeng'enya hata kidogo. Hakuna mashine ya kumwambia ni yapi. Na akimtoa ng'ombe mmoja tu, wanabaki wanne.

"Ningejuaje?" akasema. Alirusha kalamu ukutani. Halafu akaenda kuiokota kwa sababu ilikuwa moja tu aliyokuwa nayo.

"Nikienda kuwauliza hawatasema," akasema baadaye. "Wakiniona mimi wanasema ndiyo mwalimu, hapana mwalimu. Nimewafundisha mwenyewe."

"Wewe hawakwambii," mzee akakubali. "Mimi nimeshachekwa, nitaanza mimi."

*

Jumapili baada ya misa ya kwanza walikwenda Mutuka, bodaboda moja, mshikaki, Careen katikati na daftari lake kifuani. Njia nzima mzee hakusema neno, isipokuwa kumwambia dereva apunguze mwendo kwenye makorongo.

Nestory, mwenye ng'ombe namba mbili, alikuwa anakata majani ya tembo. Alipomwona Careen alinyooka, akajipangusa, uso ukawa wa semina.

"Karibu mwalimu! Shikamoo mzee Damiani. Ng'ombe hajambo mwalimu, ana mimba sasa hivi. Ile dawa yenu ni kiboko. Tunafuata maelekezo yote."

"Asante kaka Nestory," Careen akasema. "Nilikuwa naomba kukuuliza kitu kuhusu siku ile ya sampuli."

"Uliza mwalimu. Siku ile hakupewa kitu. Nilisema na Octavian, hakupewa kitu chochote."

Ilikuwa imetoka haraka mno, na swali hata halijaulizwa. Careen akaanza kufungua mdomo kwa ukali ule ule wa jana. Baba yake akamgusa kiwiko, akapita mbele yake.

"Nestory. Mimi Kipara nilimchoma chuma," akasema. "Asubuhi, kabla ya sindano. Nikapaka samadi, nikadanganya, Octavian akaweka saini. Jana nimesema mbele ya mwanangu na Profesa wake kwenye simu, na kwa mama Vicent nimeomba msamaha jikoni kwake, wanakwaya wanapita. Sina cha kuficha tena, wala huyu hajaja kukufunga. Akikosa ukweli wako anakwenda kuandika uongo huko, na watu watatengeneza dawa juu ya uongo huo, aje apigwe nayo huyo ndama unayemsubiri. Sasa na wewe sema."

Nestory alimwangalia mzee. Akamwangalia Careen, daftari, kalamu. Akaweka panga chini kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Kuchoma sikuchoma," akasema kwa sauti ndogo.

Careen akangoja. Mara ya kwanza tangu jana hakumsaidia mtu kujibu.

Nestory akageukia nyumba. "Mama Brightness!" akaita. "Leta viti. Na chai uongeze maji, hawa wageni leo hawaondoki mapema."